Waitza Walijua: Safari za Mapadre Wafransisko Kwenda Ziwa Petén Itzá

Mwaka 1618 mapadre wawili wa shirika la Mtakatifu Fransisko, Bartolomé de Fuensalida na Juan de Orbita, waliondoka Mérida, makao makuu ya serikali ya Kihispania katika rasi ya Yucatán, wakaelekea kusini kwenye kisiwa ambacho hakuna Mhispania aliyewahi kukitawala. Kisiwa hicho kiliitwa Nojpetén. Kilikuwa ndani ya ziwa ambalo leo linaitwa Petén Itzá, kaskazini mwa Guatemala, na juu yake palikuwa na mji mkuu wa Wamaya wa taifa la Waitza, chini ya mfalme aliyeitwa Kan Ek', jina lililorithiwa na kila aliyekalia kiti hicho. Wahispania walikuwa wamekwisha kuingia katika nchi za Wamaya kwa karibu karne nzima, na Mérida yenyewe ilikuwa imejengwa mwaka 1542 juu ya mji wa kale wa Tihó kwa mawe ya mahekalu yake. Hata hivyo Waitza walikuwa bado wanajitawala, wakilima mahindi yao na kuhesabu miaka yao kwa kalenda yao wenyewe, na wangeendelea hivyo kwa miaka 79 mingine.

Nimekuwa nikisoma habari za safari hizi kwa muda mrefu, na naziandika kwa sababu namna zinavyosimuliwa inaniuma. Wapo wanaozisimulia kama sifa za watakatifu: mapadre peku, msitu mnene, njaa, mishale, na mwishoni kifo cha kishahidi. Wapo wanaozisimulia kama hila tupu, kana kwamba kila padre alikuwa mpelelezi aliyejificha ndani ya kanzu. Katika masimulizi ya aina zote mbili Waitza wanabaki kuwa watu wa kutendewa tu, wasio na hoja yao. Mimi nilibatizwa nikiwa mtoto mchanga, na bado nasali katika Kanisa lile lile lililowatuma mapadre hao, kwa hiyo siandiki kwa chuki. Lakini kadiri ninavyosoma yale ambayo mapadre wenyewe waliyaandika, ndivyo ninavyozidi kusadiki kwamba watu wa kisiwani walikielewa vizuri sana kile walichokuwa wanakikataa, na pengine walikielewa kuliko wale waliokuwa wanakihubiri.

Walikielewa kwa sababu walikuwa na mashahidi. Huko kaskazini, katika Yucatán iliyokuwa chini ya Wahispania, mtu aliyebatizwa alikuwa pia mtu aliyeandikwa katika daftari la kodi. Wamaya waliokuwa wakiishi kwa kutawanyika mashambani walihamishwa kwa nguvu na kukusanywa katika vijiji vilivyopangwa kuzunguka kanisa, ili iwe rahisi kuwafundisha dini na kuwahesabu. Walilipa kodi ya vitambaa vya pamba, mahindi na kuku. Juu ya hiyo kodi kulikuwa na mzigo mwingine: magavana na washirika wao walizigawia kaya fedha kidogo ambazo hazikuombwa, kisha wakadai zilipwe kwa vitambaa ambavyo wanawake walivisuka usiku na mchana, na kwa nta ya nyuki ambayo wanaume waliitafuta msituni kwa majuma kadhaa. Aliyeshindwa alipigwa viboko au kufungwa. Basi watu walikimbia. Walikimbilia kusini, familia kwa familia, kwenye msitu usio na gavana, na wengine wakafika mpaka kwenye nchi ya Waitza na majirani zao. Kila mkimbizi aliyeketi kwenye moto wa mwenyeji wake kule ziwani alikuwa na la kusimulia kuhusu kanisa, kengele yake, mjeledi wake na daftari lake.

Walisimulia pia kuhusu Maní. Tarehe 12 Julai 1562, katika mji huo wa Yucatán, Padre Diego de Landa, mkuu wa Wafransisko wa jimbo hilo, aliwaadhibu hadharani Wamaya waliobatizwa ambao walikutwa wanaendelea kuabudu miungu yao, na akachoma moto sanamu zao pamoja na vitabu vyao. Kabla ya siku hiyo na baada yake maelfu ya watu waliteswa ili wakiri, wengi wao wakining'inizwa kwa mikono iliyofungwa, na wapo waliokufa au kujiua. Vitabu vilivyochomwa vilikuwa vya karatasi ya magome ya mti, vimekunjwa kwa mapindo na kuchorwa pande zote mbili, na ndani yake mlikuwa na elimu ya nyota, ya majira, ya ibada na ya historia. Landa mwenyewe aliandika kwamba Wamaya walivililia vitabu hivyo kwa uchungu mkubwa. Ni vitabu vinne tu vya namna hiyo vinavyojulikana duniani leo. Siwezi kuupita msitari huo wa Landa haraka, maana mwandishi wake ndiye aliyeuwasha moto, na ndiye pia aliyetuachia maelezo mengi kuliko mtu mwingine yeyote wa zama zake kuhusu maisha na maandishi ya Wamaya wa Yucatán.

Ni haki kusema kwamba katika Kanisa lenyewe palikuwa na sauti nyingine. Bartolomé de las Casas, Mdominiko, alishikilia kwamba hakuna njia halali ya kumvuta mtu kwenye imani ila kwa maneno na upole, na mwaka 1537 alipata mkataba kutoka kwa mtawala wa Guatemala kwamba eneo la Tezulutlán, ambalo Wahispania walikuwa wakiliita nchi ya vita, lingeachwa mikononi mwa mapadre bila askari wala walowezi. Eneo hilo baadaye liliitwa Verapaz, yaani amani ya kweli, na jaribio hilo kwa kiasi fulani lilifanikiwa. Lakini hata huko, mwaka 1555, Padre Domingo de Vico, mtaalamu mkubwa wa lugha za Kimaya aliyeandika kitabu kikubwa cha mafundisho ya dini kwa Kik'iche', aliuawa na Wamaya wa mpakani ambao hawakuwa tayari kumpokea, na jibu la Wahispania kwa kifo chake lilikuwa kutuma jeshi. Mfumo ulikuwa umekwisha kuwekwa: padre anatangulia, padre akiuawa askari wanafuata, na asipouawa askari wanafuata vilevile.

Sasa turudi kwa Fuensalida na Orbita. Njia yao haikunyooka kutoka Mérida hadi ziwani. Ilizunguka upande wa mashariki kupitia mji mdogo wa Bacalar, kisha kwa mitumbwi katika mito na mabwawa ya nchi ambayo leo ni Belize, mpaka kwenye kijiji cha Tipuj kandokando ya mto. Hakuna hatua hata moja ya safari hiyo ambayo mapadre waliipiga kwa uwezo wao wenyewe. Wamaya ndio waliovuta makasia, waliobeba mizigo, waliojua mahali pa kulala na maji ya kunywa, na ndio waliopeleka ujumbe kwa Kan Ek' kuomba ruhusa ya kuingia. Tipuj kilikuwa kijiji cha mpakani kwa kila maana. Kilikuwa na kanisa, na watu wake walikuwa na majina ya ubatizo. Kilikuwa pia na mashamba ya kakao yaliyokiunganisha na biashara ya Waitza, na undugu wa damu na watu wa ziwani. Wataalamu wa mambo ya kale waliochimba hapo katika miaka ya 1980 walikuta karibu makaburi 600 ndani na pembeni ya kanisa hilo, wafu wengi wakiwa wamelazwa chali kwa desturi ya Kikristo. Watu hao walizikwa Kikristo na ndugu zao wenyewe, katika kijiji ambacho padre alipita kwa nadra sana. Sioni sababu ya kusema kwamba imani yao ilikuwa ya kujifanya. Naona kwamba waliichukua kwa masharti yao, mbali na daftari la kodi.

Mapadre hao wawili walipofika Nojpetén walipokewa vizuri. Lugha haikuwa kikwazo, maana Kimaya cha Yucatán na Kiitza ni ndugu wa karibu, na Fuensalida alikuwa msemaji hodari. Walitembezwa mjini. Katika jengo mojawapo la ibada wakaona sanamu kubwa ya farasi, iliyoundwa kwa mawe na chokaa.

Farasi huyo alikuwa na historia. Mwaka 1525 Hernán Cortés, akiwa safarini kwenda Honduras kumwadhibu mmoja wa maofisa wake aliyemwasi, alipita kwenye ziwa hilo akiwa na askari wake na maelfu ya wenyeji wa Meksiko. Kan Ek' wa wakati ule alimjia ufukweni, na Cortés aliamuru misa iimbwe kwa zumari na tarumbeta ili kumvutia mfalme, kisha akavuka naye kwenda kisiwani. Alipoondoka aliacha kwa Waitza farasi mmoja aliyeumia mguu, akiahidi kumrudia au kutuma watu wa kumchukua. Hakurudi. Inasimuliwa kwamba Waitza, ambao hawakuwahi kufuga mnyama wa namna hiyo, walimlisha maua na nyama ya ndege kama anavyolishwa mgonjwa mtukufu, akafa, nao wakamtengenezea sanamu iliyoitwa Tzimin Chac, wakaiunganisha na mungu wa mvua na radi. Tangu hapo ilikuwa imepita miaka 93.

Orbita alipoiona alishikwa na hasira ya dini. Alichukua jiwe, akapanda juu ya sanamu, akaivunja vipande vipande. Watu wakapiga kelele wakitaka auawe, na waliowanusuru ni wenyeji wao pamoja na ulimi wa Fuensalida, aliyeanza kuhubiri papo hapo kwa sauti kubwa. Kan Ek' hakuwaua. Aliendelea kuwapa chakula, akawasikiliza, kisha akawaambia jambo ambalo Waitza wangelirudia kwa kila padre aliyewajia baadaye: kwamba wakati ambao manabii wao wa kale waliutaja, wakati wa kubadili ibada, ulikuwa haujafika, na kwamba warudi walikotoka.

Kitendo cha Orbita kimesifiwa na waandishi wa kale kama ujasiri mtakatifu. Mimi nakiona kama kitendo cha mgeni aliyekula kwa mwenyeji wake kisha akabomoa kilicho kitakatifu ndani ya nyumba hiyo, akiwa na hakika kwamba nyumba ile siku moja itakuwa yake. Na ndivyo Waitza walivyokiona. Mapadre hao waliporudi mwaka 1619 ukarimu ulikuwa umepungua. Walikaa siku chache, makuhani na wakuu wengine wakamshinikiza mfalme, na hatimaye watu wenye silaha wakawakamata, wakamtendea Orbita kwa ukali, wakawatia katika mtumbwi na kuwaonya wasirudi tena. Hawakurudi kisiwani. Fuensalida alijaribu tena mwaka 1641, akiwa amezeeka, lakini wakati huo Tipuj nacho kilikuwa kimeasi, tangu mwaka 1638, na njia ilikuwa imefungwa.

Kati ya safari hizo kuna habari ya Padre Diego Delgado, na hii ndiyo inayonifanya nisilale. Mwaka 1622 Kapteni Francisco de Mirones alianza kuingia kusini na kikosi kidogo, Delgado akiwa pamoja nao kwa niaba ya Wafransisko. Jinsi siku zilivyopita padre alichukizwa na namna askari walivyowatendea Wamaya, na mwishowe akajitenga nao, akaamua kwenda Nojpetén kwa njia yake mwenyewe kupitia Tipuj. Alifanya kile ambacho Las Casas angetaka: aliiacha bunduki nyuma. Lakini bunduki haikukubali kuachwa. Mirones aliposikia alituma askari 13 wamfuate, ama wamrudishe, ama wawe walinzi wake. Walimkuta kabla hajafika Tipuj, na alipokataa kurudi wakafuatana naye. Akamtumia Kan Ek' ujumbe, akajibiwa kwamba aje kwa amani. Mwaka 1623 alivuka ziwa akiwa na askari hao na Wamaya wapatao 80 wa Tipuj.

Walipokewa, kisha wakafungwa. Askari waliuawa kwanza, wakitolewa sadaka kwa miungu, halafu Delgado mwenyewe, na vichwa vyao vikatundikwa juu ya miti. Kiongozi wa watu wa Tipuj naye hakupona. Sitaki kukipamba kifo hicho wala kukitafutia udhuru, kwa sababu mtu aliyekuwa ameahidiwa usalama aliuawa kikatili. Lakini najaribu kuliangalia jambo hilo kutoka ufukweni kwa Waitza. Wanamwona padre anayesema kwamba hana uhusiano na askari, na nyuma yake wamesimama askari 13. Yeye alijua kwamba aligombana nao. Wao wangejuaje? Na hata kama wangejua, kungekuwa na tofauti gani? Tarehe 27 Januari mwaka uliofuata, 1624, Mirones na watu wake walishambuliwa wakiwa kanisani, bila silaha mikononi, katika kijiji cha Sakalum, wakauawa. Baada ya hapo Wahispania waliachana na Nojpetén kwa takribani miaka 70.

Kilichowarudisha kilikuwa barabara. Martín de Ursúa y Arizmendi, ambaye angekuwa gavana wa Yucatán, alimwomba mfalme wa Hispania ruhusa ya kufungua njia ya nchi kavu kutoka Mérida hadi Guatemala, na mwaka 1695 kazi ilianza kutoka pande zote mbili. Kutoka Guatemala walikuja Wadominiko pamoja na askari waliofika mpaka ziwani wakapigana na kurudi nyuma, na katika msitu wa Walakandoni, Wamaya wengine waliokuwa bado huru, Padre Antonio Margil, aliyesifika kwa kutembea peku kutoka nchi hadi nchi, alikaa katika mji wa Sakb'ajlan ambao Wahispania waliuita Dolores. Kutoka Yucatán walikuja wakata miti, wapagazi na askari, wengi wao wakiwa Wamaya wa kaskazini waliolazimishwa kufanya kazi hiyo, na pamoja nao Wafransisko wakiongozwa na Andrés de Avendaño y Loyola.

Avendaño ni mtu ninayemheshimu na kumwogopa kwa wakati mmoja. Safari yake ya kwanza, katikati ya mwaka 1695, iliishia njiani katika nchi ya Wakejach, Wamaya waliokaa kati ya Yucatán na Waitza, ambako aliona askari wakiwanyanyasa wenyeji na kuwanyang'anya mali, akarudi Mérida kulalamika. Ni kama roho ya Delgado ilimrudia. Tofauti yake na waliomtangulia ilikuwa elimu. Alikuwa amejifunza kalenda ya Wamaya na unabii wake kwa kina, na maelezo yake kuhusu vitabu vya magome ya mti, vyenye urefu wa robo hivi ya yadi na upana wa vidole vitano, vimekunjwa na kuchorwa pande zote, ni miongoni mwa maelezo bora tuliyo nayo. Shirika ambalo mkuu wake aliviteketeza vitabu hivyo Maní lilikuwa sasa, miaka 133 baadaye, limemtuma mtu aliyejua yaliyomo, ili ayatumie.

Kalenda hiyo ilihesabu vipindi vinavyoitwa k'atun, kila kimoja siku 7,200, karibu miaka 20 kasoro miezi michache. Vipindi 13 vilifanya mzunguko mmoja wa takribani miaka 256, na kila k'atun kiliporudi kilitarajiwa kuja na tabia yake ya zamani. K'atun 8 Ajaw, ambacho katika kumbukumbu za Waitza kilihusishwa na kuanguka kwa miji na kuhama kwa watawala, kilikuwa kinakaribia kuanza mwaka 1697. Avendaño alijua hivyo. Aliondoka Mérida tena tarehe 13 Desemba 1695 akiwa na wenzake wachache, na hoja yake kuu haikuwa moto wa jehanamu. Alikwenda kuwaambia Waitza kwamba wakati wao wenyewe, kwa hesabu zao wenyewe, ulikuwa umefika.

Katikati ya Januari 1696 walifika ufukweni, na Kan Ek' akawajia na mitumbwi ipatayo 80 iliyojaa wapiga mishale. Mapadre walipakiwa katika mtumbwi wa mfalme. Wakiwa katikati ya maji Kan Ek' alinyoosha mkono, akamwekea Avendaño kifuani juu ya moyo, akahisi mapigo yake na kumuuliza kama moyo wake umefadhaika. Avendaño anaandika kwamba alimjibu kuwa hana sababu ya kufadhaika, bali amefurahi, kwa maana yeye ndiye anayekuja kutimiza unabii wao. Kwangu mimi hapo ndipo unapoonekana ufalme wa Kan Ek'. Hakumtisha mgeni wala hakumbembeleza. Alimpima, kwa kiganja chake, kama mganga anavyompima mgonjwa, ili ajue kama maneno na mwili vinakubaliana.

Kisiwani watu waliwazunguka, wakawagusa nguo na vichwa vilivyonyolewa utosini, usiku wakajaa mlangoni kuwatazama. Kwa siku chache tu mapadre walibatiza watoto zaidi ya 300. Walikaa na makuhani na wakuu wakizijadili hesabu za k'atun, na kwa mujibu wa Avendaño wenyeji wake walikubaliana naye kwa sehemu kubwa, isipokuwa kwamba muda ulikuwa haujatimia kabisa. Hata hivyo naamini haikuwa hesabu peke yake iliyomfanya Kan Ek' alegee. Nyumba yake ilikuwa imegawanyika. Wakowoj, taifa jirani lililokalia upande wa kaskazini wa ziwa, walikuwa mahasimu wake, na mfalme anayezidiwa nguvu nyumbani hutafuta rafiki nje. Kiongozi wa Wakowoj alipofika Nojpetén na kusikia mazungumzo hayo, alipinga waziwazi. Tena alipinga kwa hoja: tukiwapokea hawa, tutapata nini? Hilo ni swali la mtu aliyewahi kuzungumza na wakimbizi wa Yucatán.

Njama ya kuwaua mapadre ilipogundulika, Kan Ek' aliwatorosha usiku kwa mtumbwi, akawaelekeza warudi kwa upande wa mashariki kupitia Tipuj. Waongozaji waliotarajiwa hawakupatikana, na mapadre wakapotea msituni. Walitangatanga kwa karibu mwezi mzima wakila majani na matunda pori, kanzu zikichanika kwenye miiba. Wakiwa katika hali hiyo walipita kwenye magofu marefu juu ya vilima, na Avendaño, pamoja na udhaifu wake, alipanda kuyatazama, akaona vyumba vingi vilivyopigwa lipu nyeupe ndani. Wapo wanaoamini kwamba yalikuwa magofu ya Tikal. Mwishowe hakuweza kutembea tena. Akaegemea mti akijiandaa kufa, na waliomfikia na kumwokoa walikuwa Wamaya. Taarifa aliyoiandika mwaka huohuo imehifadhiwa hadi leo katika maktaba ya Newberry, Chicago, na ndiyo iliyotuletea karibu yote niliyoyasimulia hapa kuhusu mazungumzo yake na mfalme.

Wakati Avendaño akiwa njiani kwenda kisiwani, mtu mwingine alikuwa anaingia Mérida kutoka upande wa pili. Jina lake lilikuwa AjChan, mtoto wa dada yake Kan Ek', na alikuja kama balozi akiwa na taji la mjomba wake mikononi. Ursúa alimpokea kwa shangwe mbele ya mji mzima, akabatizwa mwishoni mwa Desemba 1695 na kupewa jina la Martín, huku gavana akisimama kama baba wa ubatizo. Kwa Waitza hizo zilikuwa salamu za kutafuta urafiki. Kwa Ursúa ulikuwa ushahidi wa kisheria kwamba Kan Ek' amejisalimisha kwa mfalme wa Hispania, na tangu siku hiyo kila Mwitza aliyepinga angeweza kuitwa mwasi badala ya kuitwa adui. Hapo ndipo ubatizo ulipofanya kazi ambayo hakuna katekisimu inayoitaja. Mwezi Februari 1696 kikosi kilichokwenda ziwani kupokea utii huo kilipigwa, na Padre Juan de San Buenaventura akachukuliwa na kuuawa.

Ursúa hakuhitaji hoja tena baada ya hapo. Alijenga merikebu ya makasia kwenye ukingo wa ziwa, mbao na mizinga vikiletwa kwa ile barabara mpya, na alfajiri ya tarehe 13 Machi 1697 akaelekea kisiwani akiwa na askari 108 na mapadre wawili. AjChan alikuwamo ndani ya merikebu hiyo. Mapigano hayakuchukua muda mrefu. Waitza waliokuwa kwenye mitumbwi na kwenye ngome walipigwa risasi, na wengi walikufa majini wakijaribu kuogelea kwenda ng'ambo. Siku hiyohiyo Wahispania walipita nyumba kwa nyumba na hekalu kwa hekalu wakivunja sanamu, wakaupa mji jina la Mama Yetu wa Remedios na Mtakatifu Paulo. Leo ni mji wa Flores, na kanisa lake limesimama kileleni mwa kisiwa.

Wale mapadre wawili hawakuwa Wafransisko. Askofu wa Yucatán alikuwa amewakabidhi mapadre wa jimbo kazi ya nchi ya Waitza, na malalamiko ya shirika la Avendaño hayakubadilisha lolote. Mtu aliyeuweka moyo wake chini ya kiganja cha mfalme hakupewa hata parokia. Kan Ek' alikamatwa, akabatizwa José Pablo, na mwaka 1699 akapelekwa mateka Santiago de los Caballeros nchini Guatemala, akaishi chini ya ulinzi. Ndui na njaa viliingia ziwani pamoja na walowezi, na mwaka 1704 Waitza waliokuwa wamekusanywa katika vijiji vya misheni waliasi wakashindwa. AjChan, aliyebatizwa mbele ya watu wa Mérida na kuonyeshwa kama Mwitza wa kwanza mtiifu, aliwatoroka Wahispania baada ya vita, akaingia msituni, na akaishia kuwatawala Wamaya waliobaki huru kusini mwa nchi ambayo leo ni Belize.